Sidiria inayokaa vizuri huanzia mbavuni

Mwanamke anayevaa 40B, kamba zinamkata mabegani na mkanda wa mgongoni unapanda kila saa, mara nyingi hurudi dukani kuulizia 42. Hapo anazidisha tatizo. Anayebeba matiti ni mkanda unaozunguka mbavu. Kamba za begani kazi yake ni kushikilia vikombe visiteleze tu. Mkanda ukilegea, uzito wote huhamia begani. Ukizifupisha kamba ili kuinua matiti, zinauvuta mkanda juu zaidi mgongoni, na matiti yanazidi kushuka mbele. Mwanamke huyo anahitaji namba ndogo na herufi kubwa, pengine 36D.

Namba ni ya mbavu, herufi ni ya ziwa, na herufi haisemi lolote bila namba. Kikombe cha 36D, cha 38C na cha 40B hubeba kiasi kilekile. Ndiyo sababu aliyezoea 40B haoni kasoro kifuani: vikombe vinamtosha, mkanda ndio haumtoshi. Kanuni yake ni nyepesi: ukishuka namba moja, panda herufi moja. Wauzaji wengi hukupandisha namba kwa sababu ndiyo waliyonayo mezani, na sidiria kubwa huvalika kirahisi siku ya kwanza.

Chukua futi laini ya fundi cherehani, utumie upande wa sentimita. Sidiria nyingi za Kariakoo na maduka mengine ya mjini zina lebo ya namba mbili: 34/75, 36/80, 38/85, 40/90. Namba ya pili ndiyo mzunguko wa mbavu kwa sentimita. Wengi hupotea hapa: hujipima kwa inchi, wakitarajia 36 ya lebo ilingane na 36 ya futi. Mbavu za sentimita 80 ni kama inchi 31 na nusu, lakini sidiria yake imeandikwa 36.

Pima mara mbili. Kwanza zungusha futi chini ya matiti, ikiwa sawa mbele na mgongoni (tazama kwenye kioo au mwombe mwenzio aangalie), toa pumzi, kaza. Kisha inama mpaka mgongo ulale, matiti yaning'inie, upitishe futi kwenye chuchu bila kubana. Matiti yaliyolainika baada ya kunyonyesha, ukiyapima umesimama, futi hukupunguzia sentimita kadhaa. Usipime siku za karibu na hedhi, maana matiti huvimba, ngoja imalizike.

Tuseme mbavu ni 80 na kifua ni 97. Tofauti ni 17. Kwa vipimo vya China, A ni tofauti ya 10, B ni 12.5, C ni 15, D ni 17.5, kwa hiyo anakaribia D. Kwa vipimo vya Ulaya, A ni 12 hadi 14, B ni 14 hadi 16, C ni 16 hadi 18, D ni 18 hadi 20. Huko yeye ni C. Mtu mmoja, herufi mbili, na hakuna iliyokosewa. Sidiria isiyo na herufi kabisa mara nyingi imeshonwa kwa kikombe B. Ukiletewa zawadi kutoka Ufaransa imeandikwa 95, usiirudishe: wao huongeza 15, kwa hiyo hiyo ndiyo 80 yako.

Kipimo kinakuonyesha pa kuanzia. Kujaribu ndiko kunakoamua. Kwenye vibanda visivyo na chumba cha kubadilishia, nenda umevaa fulana nyepesi inayobana, uijaribu juu yake. Angalau utajua mkanda.

Funga kulabu kwenye safu ya nje kabisa, iliyolegea kuliko zote. Lastiki itanyooka kwa miezi, na safu za ndani ndizo akiba yako ya baadaye. Sidiria mpya inayokukaa vizuri kwenye safu ya ndani tu imeshakuwa kubwa kabla hujailipia. Sasa inama, ingiza mkono ndani ya kikombe, uvute nyama kutoka kwapani hadi mbele. Fanya hivyo pande zote mbili. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayofichua ukweli: nyama nyingi za kwapani zinazolaumiwa kwa unene ni sehemu ya ziwa iliyosukumwa nje na kikombe kidogo.

Simama ujitazame kwa ubavu. Mkanda wa mgongoni uwe sawa na wa mbele, na vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo. Kipande cha kati kinachounganisha vikombe kilale kwenye mfupa wa kifua. Kikielea, kikombe ni kidogo. Waya uzunguke ziwa lote, usikalie nyama. Ukichoma kwapani, mara nyingi kikombe ni kidogo, wala si kikubwa kama wengi wanavyodhani. Ziwa likimwagika juu ya ukingo, panda herufi. Kitambaa kikikunjamana, kwanza fupisha kamba. Kisipotulia, shuka herufi. Inua mikono yote miwili: mkanda ukipanda nayo, namba ni kubwa. Na kama ziwa moja ni kubwa kuliko jingine, jambo la kawaida sana, nunua kwa kipimo cha lile kubwa na uweke sponji upande wa pili.

Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, shirika la viwango la Tanzania, kwa sababu za afya. Hata bila marufuku hiyo tusingezishauri: lastiki yake imeshatumika, na lastiki ndiyo unayoilipia.

Adui wa lastiki ni jasho, mafuta ya mwili, joto na jiki. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, fua kila baada ya kuvaa. Kwenye baridi ya Njombe unaweza kuvaa mara mbili au tatu. Tumia maji ya baridi na sabuni kidogo, funga kulabu zisikwangue kitambaa, loweka dakika 10 hadi 15, sugua kwa kiganja chini ya vikombe na kwapani, suuza mpaka maji yatoke safi. Usikamue kwa kusokota. Ikunje ndani ya taulo na ukandamize. Yenye sponji usiipindue kikombe kimoja ndani ya kingine. Ule mkunjo hautoki.

Anika kwa kuining'iniza katikati, kwenye kile kipande kinachounganisha vikombe, maana kamba zikibeba uzito wa maji hurefuka. Wengi wetu tunaificha chini ya khanga kambani, na ni vizuri, kwa sababu jua kali huikausha lastiki mpaka ikakatika. Khanga iwe moja, nyepesi, na upepo upite. Kuianika nyuma ya mlango wa chumba kisicho na hewa ndiko kunakoleta harufu ya uvundo, na ukiivaa ingali mbichi, upele na fangasi chini ya matiti. Jikaushe vizuri hapo kabla ya kuvaa. Usivae ileile siku mbili mfululizo. Tatu za kupokezana hudumu zaidi kuliko moja inayovaliwa mpaka ichakae.

Mjamzito anayejiandaa kunyonyesha anunue wiki za mwisho, isiyo na waya, inayomtosha kwenye safu ya nje. Mbavu zikirudi baada ya kujifungua atasogea ndani. Sidiria inayobana matiti yaliyojaa maziwa inaweza kuchangia mirija kuziba na ziwa kuvimba. Kuhusu hofu ya saratani: utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2014 haukuona uhusiano kati ya kuvaa sidiria, yenye waya au isiyo nao, na saratani ya matiti.

Waya ukichomoka, urudishe kwenye mfereji wake na ushone tundu kwa uzi imara, mishono ya kupishana, kisha kipande kidogo cha kitambaa juu yake. Mkanda ukipanda hata ukiwa kwenye safu ya ndani kabisa, sidiria hiyo imekwisha. Kabla ya kuitupa, kata kile kipande cha kulabu na vitundu vyake. Fundi anaweza kukishonea kwenye nyingine iliyopoteza kulabu.