Usihesabu Tu: Namna ya Kulitambua Umbo Kuu la Seli 600

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza iwapo mchoro aliouunda kwa kompyuta ni wa umbo kuu la seli 600, lile la nyota katika vipimo vinne, au wa umbo la kawaida la seli 600, kwa kuwa kila anapohesabu anapata majibu yale yale. Swali hilo limenigusa panapouma. Niliwahi kumwonyesha mtaalamu mmoja mchoro wangu wa umbo hilo hilo, naye, bila hata kuutazama vizuri, akaamua kwamba nimelichora la kawaida vibaya, maana hesabu hazitofautiani: vipeo (ncha) 120, kingo 720, pembetatu 1200 na tetrahedroni 600, yaani piramidi za pembetatu nne, ambazo ndizo seli zenyewe. Hesabu zilikuwa sahihi. Hukumu ndiyo iliyokwenda kombo, na hadi leo hajaniomba radhi.

Vipeo vya maumbo haya mawili ni vile vile. Tofauti imo katika kuunganishwa kwake. Tukichukua umbali kutoka kitovu hadi kipeo kuwa 1, katika umbo la kawaida, ambalo ni mbinuko (halina sehemu iliyobonyea ndani), kila kipeo hushikana na majirani 12 walio karibu zaidi, kwa kingo zenye urefu wa takriban 0.618. Katika lile kuu, kipeo huwaruka hao na kushikana na wengine 12 walio mbali, kwa kingo za 1.618, yaani uwiano wa dhahabu wenyewe, na kwa sababu hiyo tetrahedroni hupenyana. Kila ukingo huzungukwa na tetrahedroni tano katika maumbo yote mawili, ila katika lile kuu tano hizo huuzunguka mara mbili.

Basi, ndugu zangu, acheni kuifanya hesabu kuwa hakimu. Hata Ludwig Schläfli, gwiji wa Uswisi, alizikataa nyota ambazo sehemu zake hazikutii kanuni ya Euler (vipeo kutoa kingo kujumlisha nyuso ni 2), akabaki na nne tu, likiwamo hili letu. Edmund Hess alipozikubali zote mwaka 1883, zikawa 10.

Kipimo cha kutegemea ni hiki: kwa kila jozi ya vipeo, zidisha viwianishi (namba nne zinazoonyesha mahali pa kila kipeo) vinavyolingana, kisha jumlisha mazao yote manne. Ukiunganisha jozi zenye jumla ya 0.809 utapata umbo la kawaida. Ukiunganisha zenye −0.309, utapata lile kuu. Programu isidai usawa kamili, kwa kuwa kompyuta hukadiria kipeuo cha pili cha 5 kilichomo katika viwianishi hivyo: iruhusu tofauti ndogo, kisha hakikisha kwamba kila kipeo kimepata wenzake 12.