Maswali yenu ya bima: duka, chumba cha kupanga, bodaboda na mkopo wa marehemu

*Nina duka la vipodozi Mbagala, mzigo kama milioni 20. Ajenti kaniambia nikatie milioni 10 tu ili nilipe kidogo, maana duka lote haliwezi kuungua. Ni sawa?*

Dada yangu usikubali kabisa, hapa ndo watu wengi wanaumia. Mzigo wa milioni 20 ukiukatia milioni 10 kampuni inahesabu kwamba nusu umeamua kuibeba mwenyewe, wanaita avareji, kwa iyo ukiungua mzigo wa milioni 8 wanakulipa milioni 4, hawakupi 8 hata kama ulikuwa unalipa kila mwaka bila kuchelewa. Taja thamani halisi, na mzigo ukiongezeka, mfano ukijaza stoo kuelekea Idi au Krismasi, waambie.

Jambo lingine ni ushahidi. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, Karume ikafuata Januari 2022, sasa fikiria daftari la mauzo na risiti zote zilikuwa humohumo kwenye fremu, utathibitisha vipi ulikuwa na nini? Kila mwisho wa mwezi piga picha mzigo wako, piga picha risiti za manunuzi, mtumie dada yako au mtu yeyote unayemwamini wasapu zikae huko. Ni dakika chache tu jamani.

Na uliza swali hili kabla ya kulipa: mafuriko yamo? vurugu zimo? wizi je? Bima ya moto ya kawaida ni moto na radi na vitu vichache, hayo mengine unaongezewa kwa kuomba, na kwa Dar ninavyoijua mvua zake mi ningeongeza mafuriko bila kufikiria mara mbili. Na kumbuka ukiahidi kulipa kesho, leo huna bima.

*Nimepanga Sinza, mwenye nyumba anasema nyumba ina bima. Si na mimi nimo?*

Haumo. Yake ni ya jengo. Friji, tivii, kitanda, laptopu ni juu yako, ulizia bima ya vitu vya ndani, inategemea thamani ya vitu vyako na kwa chumba na sebule haitishi.

*Mimi ni bodaboda Morogoro, pikipiki imeibiwa na stika ninayo, wanasema silipwi. Wameniibia na wao?*

Pole sana kaka. Ila kama ulikata ile ndogo, thad pati, wako sahihi, ile inamlipa uliyemgonga au uliyemharibia mali, pikipiki yako haimo na mguu wako ukivunjika haumo. Wizi unakuwemo kwenye bima kubwa, na kama pikipiki ni ya mkataba na bado unadaiwa hesabu, mi naona kubwa ni lazima, la sivyo unamaliza miaka unalipa pikipiki ambayo huna. Na stika yoyote utakayopewa ingia kwenye mfumo wa TIRA, wale wanaosimamia kampuni za bima nchini, uweke namba ya pikipiki uone kama ipo kweli, maana feki zipo.

*Mume wangu kafariki akiwa na mkopo benki, wanasema wanauza nyumba. Nifanyeje?*

Mama pole sana, Mungu akutie nguvu. Usisaini karatasi yoyote ya kuhamishia deni kwako kwanza. Mikopo mingi ya benki inakatwa bima ya mkopo mwanzoni kabisa, mkopaji akifa bima ndo inalipa deni lililobaki, na familia nyingi hazijui kwa sababu marehemu hakusema. Tafuta mkataba wa mkopo uangalie makato ya siku ya kwanza, peleka cheti cha kifo, omba kwa barua nakala ya mkataba wa bima na jina la kampuni ya bima, baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kulipa wadai sababu kwa maandishi, na hayo maandishi nenda nayo TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Fanya wiki hii, usisubiri arobaini ipite.