Bismarck: milia ibaki au ifutwe?

Mkuu, umeuliza kama modeli yako ya plastiki ya Bismarck, meli ya kivita ya Ujerumani, ya kipimo cha 1/350 (ndogo mara 350 kuliko halisi), inahitaji milia nyeusi na nyeupe ubavuni, na kama uunganishe yote ndipo upake rangi.

Milia inategemea siku unayotaka kuionyesha. Meli ilikuwa nayo Bahari ya Baltiki, lakini tarehe 21 Mei 1941, ikiwa imetia nanga Grimstadfjord karibu na Bergen, Norwe, mabaharia waliifunika kwa rangi ya kijivu. Siku tatu baadaye ikaizamisha Hood, meli ya kivita ya Waingereza. Mimi naipenda hiyo ya kijivu, ndiyo iliyopigana.

Usiunganishe yote! Sitaha ilikuwa ya mbao, na ukishabandika minara ya mizinga brashi haipenyi tena. Osha plastiki kwa maji ya sabuni, piga praima (rangi ya msingi), paka sitaha, iache ikauke kabisa, ifunike kwa tepu ya karatasi, kisha ndiyo kijivu. Minara minne mikubwa ipake ikiwa bado haijabandikwa. Rangi iwe nyepesi, mikono miwili au mitatu. Ikiwa nzito inafukia vile vidirisha vya mviringo, na ndivyo vinavyoipa meli ukubwa wake machoni. Milingoti bandika mwisho, huvunjika upesi.