Maswali ya Wasomaji: Askari hakuwepo, anaweza kukamata?

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu anaendesha boda hapa Majengo, Jumamosi alirushiana maneno na mama mmoja muuza zabibu, eti pikipiki imeziba meza yake, wakatukanana kweli sikatai ila hakuna aliyemgusa mwenzie. Jumatatu askari wawili wakaja kijiweni wakambeba, kumbe yule mama alishakata RB, ile namba ya malalamiko yaliyoandikishwa polisi. Kalala mahabusu usiku mmoja, tukaambiwa tutoe elfu hamsini ya dhamana, tukatoa. Hao askari Jumamosi hawakuwepo kabisa, iko sawa hiyo?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, poleni sana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 14, inasema polisi anaweza kumkamata bila hati, yaani kibali cha maandishi cha kukamata, mtu anayevunja amani mbele yake. Hayo maneno mawili, mbele yake, ndo ya kuyashika. Ugomvi wa juzi uliokwisha, wewe askari umeusikia tu kwa mlalamikaji, hauingii hapo, njia yake ni hati ya hakimu au kumwita mtu kituoni aandike maelezo.

Ila msiende kubishana kwamba bila kuona hakamati kabisa, maana kifungu hichohicho kinamruhusu kukamata mtu aliyekutwa na mali inayodhaniwa ya wizi, au aliyetoroka chini ya ulinzi, au ambaye hati yake inaaminika ishatoka, na hapo hahitaji kuwa aliona tukio. Kwa hiyo muulizeni mpelelezi kosa lilikuwa lipi na kama hati ilikuwepo. Mdogo wako alitakiwa aambiwe kosa lake palepale anakamatwa, ni kifungu cha 23.

Na matusi nayo ni kosa jamani, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 89 ni hadi miezi 6 jela, kwa hiyo akiitwa aende, asikimbie.

Ila kilichoniuma mimi ni hiyo elfu hamsini. Dhamana ya polisi ni bure, mdhamini anasaini tu, na kwa kosa dogo kama hili kifungu cha 32 kinamtaka mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24. Mlipewa risiti? Kama hamkupewa, andikeni tarehe, saa na nani alipokea, mpigie TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, 113, simu ni bure.