Maswali ya Wasomaji: Vijana Kuonja Maisha ya Umisionari

Barua nyingi tulizopokea zinahusu shughuli moja. Vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni, huishi siku moja au mbili kwa ratiba ya mmisionari: wanapewa barua ya wito, mwenza (yaani kijana wa kufanya naye kazi siku nzima), somo la kufundisha na nyumba za kutembelea. Misheni yenyewe ni miezi 24 kwa mvulana na 18 kwa msichana, na tangu Oktoba 2012 mvulana anaweza kuitwa akiwa na miaka 18 badala ya 19. Kijana wa miaka 16 anayeshiriki leo huenda amebakiwa na miaka miwili tu ya kujiandaa, ndiyo maana tunaona shughuli hii inastahili kupangwa vizuri.

Mimi ni mshauri wa vijana katika kigingi chetu, yaani kundi la makusanyiko jirani ya Kanisa. Tunategemea vijana 40 wa miaka 14 hadi 18, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Tumefikiria walale kanisani ili kupunguza gharama. Tuanzie wapi, na tunahitaji watu wazima wangapi?

Kanisani hawalali. Mwongozo wa Kanisa unakataza majengo ya ibada na viwanja vyake kutumiwa kwa malazi au kambi. Basi ama mkodi mahali penye vyumba vya wasichana na vya wavulana vilivyotengana, ama kila kijana arudi kwao Ijumaa saa 3 usiku na aripoti Jumamosi asubuhi. Kwa kigingi kinachoanza tunapendekeza njia ya pili, maana malazi hula nguvu za viongozi ambazo zingetumika kuandaa masomo. Mkiamua kulala mahali mlipokodi, kila mzazi ajaze fomu ya ruhusa na idhini ya matibabu, na kijana asilale chumba kimoja na mtu mzima asiye mzazi au mlezi wake, isipokuwa wawepo angalau watu wazima wawili wa jinsia yake. Kanuni ya watu wazima wawili inahusu shughuli nzima, mchana na usiku, na wote wawe wamemaliza mafunzo ya Kanisa ya kuwalinda watoto na vijana, ambayo hurudiwa kila baada ya miaka mitatu.

Ijumaa jioni fanyeni mambo matatu tu: barua za wito, kutambulishana wenza, na saa moja ya kujifunza kufundisha. Barua itaje jina la kijana, misheni aliyopangiwa na jina la mwenza wake. Isiwe na saini ya Rais wa Kanisa wala nembo ya Kanisa, na pasiwepo na kuwekewa mikono kwa kuigiza. Kijana ataitwa kweli siku moja, na siku hiyo isiwe marudio ya mchezo. Vivyo hivyo kwa beji ya jina: ile nyeusi ni ya wamisionari walioitwa. Tengenezeni kadi za rangi nyingine zenye jina la ukoo, Mzee Fulani (ndivyo mmisionari mvulana anavyoitwa) au Dada Fulani, na jina la shughuli chini yake, ili hata mpita njia asidhani amekutana na mmisionari kamili.

Jumamosi ifuateni ratiba ya misheni ilivyozoeleka kwa miaka mingi. Kuamka saa 12:30, sala na mazoezi ya nusu saa, kisha kifungua kinywa na kujitayarisha. Saa 2 kila mmoja anajisomea, saa 3 wenza wanasoma pamoja, saa 4 wanatoka. Tangu 2017 wamisionari wana uhuru zaidi wa kupanga baadhi ya saa hizo wenyewe, lakini kwa siku moja ratiba ya zamani inafundisha vizuri zaidi kwa sababu kila saa ina kazi yake. Mkianza kuchelewa, mtashawishika kufuta saa ya kusoma. Msiifute. Jozi isiyosoma asubuhi hufika nyumba ya kwanza bila la kusema, na siku yao yote huharibika. Punguzeni michezo, nyimbo au hotuba za viongozi, hotuba hasa.

Sasa hesabu. Vijana 40 ni jozi 20, mvulana na mvulana, msichana na msichana. Idadi ya jinsia mojawapo ikiwa witiri, kundi moja liwe la watatu. Wamisionari nao hupangwa hivyo mara nyingine. Gaweni mchana katika mizunguko minne ya dakika 45: dakika 25 za kufundisha, 5 za maoni ya mwenyeji, yaani aliyejitolea kufundishwa, 15 za kutembea hadi nyumba inayofuata. Mkipata wenyeji 15, katika kila mzunguko jozi 15 zinafundisha na 5 ziko kwenye kazi ya huduma, tuseme kufua, kulima bustani ya mzee au kufagia. Mwisho wa mizunguko kila jozi imefundisha mara tatu na kuhudumu mara moja. Mwenyeji mmoja akikosekana dakika za mwisho, jozi yake iungane na zile za huduma. Msiwapeleke jozi mbili kwa mwenyeji mmoja. Wa pili watakaa wakiwasikiliza wenzao na kutafuna kucha.

Kinachovuruga mizunguko ni mwendo. Dakika 15 zinatosha ikiwa nyumba ziko umbali usiozidi kilomita moja. Zikiwa mbali zaidi, tumieni madarasa ya jengo la Kanisa, kila darasa likiwa na mwenyeji wake, kiti, meza na mlango wa kubishwa. Pembeni wawepo viongozi wawili kwa kila jozi nne au tano, wanaoweza kuonekana kutoka njiani. Maji wekeni lita moja na nusu kwa kila kijana.

Nimeombwa kuwa mmoja wa wenyeji watakaofundishwa. Nijifanye mkali? Mtu wa dini nyingine? Sijui niigize nini.

Usiigize sana. Wenyeji wengi hudhani wanawasaidia vijana kwa kuwafungia mlango, kubishana aya kwa aya, au kutoa maswali ya kuwanasa. Kijana wa miaka 15 anayetoka kwenye nyumba ya namna hiyo hubeba jambo moja tu kichwani: kwamba umisionari ni mabishano. Mwenyeji bora ni yule anayekuja na swali lake la kweli.

Uandikiwe kadi moja yenye mistari miwili au mitatu, wala usiwaoneshe vijana. Kwa mfano: "Mama yangu alifariki mwaka jana. Nasali, lakini sioni kama nasikilizwa." Wakiingia, wapokee, waketi. Jozi nyingi zitafungua kitabu na kuanza kusoma kutoka juu kabisa bila kukuuliza lolote. Waache dakika mbili, tatu, kisha sema kwa upole, "Samahani, sijaelewa hili linanihusu vipi." Nyamaza. Kimya hicho ndicho kitakachowafundisha. Mmoja atafunga kitabu, atakutazama na kuuliza, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" Akiuliza hivyo, mjibu kwa ukamilifu; fungua moyo zaidi kadiri wanavyokusikiliza zaidi. Wakirudi kusoma, jibu kwa kifupi.

Mwongozo wa wamisionari wa kufundishia ni Hubiri Injili Yangu, uliotoka mara ya kwanza 2004 na kufanyiwa toleo la pili 2023. Toleo hilo lina masomo manne: Urejesho wa injili, mpango wa wokovu, injili ya Yesu Kristo, na kuwa wanafunzi wa Kristo maisha yote. Kwa shughuli ya siku moja watumie somo moja, na sisi tungechagua la tatu: imani, toba, ubatizo, kipawa cha Roho Mtakatifu na kuvumilia hadi mwisho. Mambo matano, na kila kijana ana la kusema kuhusu angalau mawili kutokana na maisha yake. Mwongozo wenyewe unashauri somo lisizidi dakika 30 mara nyingi, kwa hiyo dakika zetu 25 hazijabana kupita kiasi.

Kabla hawajaondoka wakupe mwaliko mmoja unaoweza kuutimiza ndani ya siku chache. "Soma Moroni 10:3–5 katika Kitabu cha Mormoni usiku wa leo, kisha usali kuuliza kama ni kweli" ni mwaliko. "Endelea kumtafuta Mungu" si mwaliko, maana hakuna atakayejua kama umefanya. Wakikualika ubatizwe, pokea au omba muda wa kufikiri, na mambo yaishie hapo. Pasiwepo ubatizo wa kuigiza wala ibada nyingine yoyote takatifu ya kuigiza.

Dakika tano za mwisho ni zako. Waambie jambo moja walilolifanya lililokugusa, na swali moja ulilotamani wakuulize. Usitoe alama.

Shikamooni. Nina miaka 16. Nimepangiwa mwenza ambaye hatujawahi hata kuzungumza, na marafiki zangu wote wamepangwa na wengine. Naogopa siku itakuwa ndefu.

Marahaba, binti yetu. Waliowapanga wamefanya jambo la busara. Mmisionari hachagui mwenza wake, na hupewa mwingine tena na tena. Marafiki wa karibu wakipangwa pamoja hucheka wao kwa wao na mwenyeji akabaki mgeni nyumbani kwake.

Kanuni ya wenza ni kuonana na kusikiana wakati wote, isipokuwa mmoja anapokuwa bafuni au kwenye mahojiano na kiongozi. Hiyo ndiyo itakayokuchosha kuliko kutembea. Kwa hiyo Ijumaa hiyo hiyo mwulize mwenza wako mambo matatu ya kawaida kabisa: akiwa amechoka huwaje, anapenda kuzungumza asubuhi au la, na ni sehemu gani ya somo inamtia hofu. Sehemu hiyo ichukue wewe.

Gawaneni somo kabla ya kubisha hodi. Mmoja aombe ruhusa ya kuanza kwa sala na kuuliza swali la kwanza, mwingine aeleze imani na toba, wa kwanza arudi kwenye ubatizo na Roho Mtakatifu, wa pili atoe mwaliko. Kila mmoja awe na ushuhuda wake wa dakika moja. Kosa la kawaida ni mmoja kuzungumza dakika 20 huku mwenzake akitikisa kichwa, likitokea, anayezungumza aseme tu, "Dada, wewe umeliona hili vipi?" kisha anyamaze kweli.

Jioni tengeni dakika kumi za tathmini. Wamisionari huifanya kila wiki: nini kimekwenda vizuri kati yetu, nini kimetukwaza, tutarekebisha nini. Anza wewe, na anza na lililokwenda vizuri. Kama kuna lililokuudhi, lisemeni mkiwa mmeketi, si mkiwa njiani kuelekea nyumba inayofuata.

Mimi ni mama. Viongozi wamesema simu zitakusanywa. Binti yangu ana miaka 14 na hajawahi kukaa bila mawasiliano nami. Wamisionari wenyewe si wana simu siku hizi?

Wanazo, na tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuwasiliana na familia zao kila wiki siku ya maandalizi, yaani siku yao ya shughuli binafsi, kwa ujumbe, kupiga au kwa video. Kuwakusanyia vijana simu kwa siku moja kunaeleweka, mradi mzazi apewe kwa maandishi namba za viongozi wawili zitakazokuwa hewani muda wote, na kijana ajue anaweza kuomba kukupigia bila kuulizwa maswali mengi. Hilo ulidai, mama, ni haki yako.

Wakumbushe viongozi kijitabu cha Kanisa kuhusu kuyazoea maisha ya umisionari. Kinapima msongo kwa rangi nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu, kutoka aliye sawa hadi anayehitaji msaada wa haraka. Mchana na jioni kila kijana ataje rangi yake kwa kiongozi. Wa njano ale, apumzike, aendelee. Wa chungwa aketi na viongozi wawili na mzazi apigiwe simu. Usingojee afike huko: mweleze binti yako rangi hizo mkiwa nyumbani.

Rafiki yangu si muumini wa Kanisa letu lakini anataka kuja. Inaruhusiwa?

Ndiyo, kwa ruhusa ya wazazi wake. Awekwe kwenye kundi la watatu na aelezwe mapema siku itakavyokuwa. Asitakiwe kushuhudia asichokiamini, na asigeuzwe mfano wa kufundishwa bila kuulizwa. Kazi ya huduma na kuuliza maswali atazifanya vizuri kama yeyote.

Mwanangu ana kifafa. Anatamani sana misheni. Je, shughuli hii itampa matumaini ambayo hayatatimia?

Kwanza usalama wa siku hiyo. Kukosa usingizi ni kichocheo kinachojulikana cha degedege, basi yeye asiamshwe mapema kuliko saa zake, dawa zake ziandikwe kwa muda na kipimo kwenye fomu ya matibabu, na mwenza wake pamoja na viongozi wawili wafundishwe: kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu, kutoweka chochote mdomoni, kuangalia saa, na kuita huduma ya dharura degedege ikizidi dakika tano.

Kuhusu matumaini, Kanisa lina misheni ya huduma kwa vijana ambao afya yao haiwaruhusu kwenda misheni ya kufundisha. Wanaitwa na kupewa beji, wanaishi nyumbani, na wanahudumu katika kazi za Kanisa na mashirika ya jamii, miezi 6 hadi 24 kwa wavulana na 6 hadi 18 kwa wasichana. Waombeni waandaaji waweke wito huo miongoni mwa barua za Ijumaa, na wampe kijana mwingine mwenye afya njema pia, ili mwanao asiwe peke yake aliyepangiwa. Naye ajue mapema kwamba wito wa kweli hupangwa baada ya daktari na askofu kutoa taarifa zao; anza kuweka kumbukumbu za matibabu yake sasa, hasa tarehe za kila degedege na mabadiliko ya dawa.