Video wameitazama, mtihani wamefeli

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Nimerekodi masomo yangu nikayaweka mtandaoni, na wanafunzi wanasema wanaelewa kuliko hata darasani. Lakini kwenye mtihani, mada ya nguvu na mwendo imewaangusha karibu wote. Mtaalamu mmoja wa video ananishauri ninunue kamera ya kisasa na kila video isizidi dakika 6. Nimsikilize?

JIBU: Mwalimu, achana na kamera. Kama una hela ya ziada, tafuta maikrofoni ya kubana kwenye shati, kwani picha hafifu watu huivumilia, sauti ya mwangwi hawaivumilii. Ya vifaa yaishie hapo.

Kinachonikera ni hilo "wanaelewa". Naletewa kila mara kama ushahidi. Mwanafunzi akikutazama ukikokotoa kwa ufasaha, hakwami popote, basi hudhani ujuzi ule ni wake. Ni abiria anayeamini anaijua njia kwa sababu gari limefika. Derek Muller alilichunguza jambo hili katika shahada yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Sydney, 2008. Waliotazama maelezo yaliyonyooka waliyasifu kuwa wazi, lakini alama zao zilisogea kidogo tu. Waliopiga hatua ni wale ambao video yao ilianza na mawazo potofu ya wanafunzi wenyewe kisha ikayapangua, ingawa walikiri iliwachosha akili.

Kwa mada yako: mpira umerushwa juu, umeshatoka mkononi, bado unapanda. Waambie wasimamishe video, wachore daftarini nguvu zinazoukabili. Wengi watachora mshale wa kwenda juu. Ukiacha ukinzani wa hewa, mshale ni mmoja, nao unaelekea chini: uzito. Usikimbilie kuwapa jibu. Uchore kwanza ule mshale wao, uliza ni kitu gani kinausukuma mpira ilhali mkono haupo tena, ndipo uufute. Siku chache baadaye warudie swali bila video.

Hizo dakika 6 zinatokana na utafiti wa Philip Guo na wenzake wa 2014 kuhusu kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Walipima watu hukaa muda gani wakitazama. Kiasi walichojifunza hawakukipima. Ukikata mhadhara wa dakika 40 vipande saba, umepata mihadhara saba mifupi.

Lakini wauzaji wa video za masomo hawasemi hivyo. Wanazunguka mashuleni na "video inayojifundisha yenyewe", katuni, muziki chini ya sauti, eti kwa ajili ya "wanafunzi wa kuona", yaani wale wanaodaiwa kujifunza vizuri zaidi kwa macho. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa madai hayo ya mitindo ya kujifunza mwaka 2008, wakaona hautoshi kuyategemea darasani. Biashara inaendelea vilevile. Mkuu wa shule akiletewa mkataba wa namna hiyo, amuulize muuzaji: wanafunzi waliotazama waliweza kufanya nini wiki mbili baadaye, video ikiwa imezimwa. Akijibiwa kwa idadi ya watazamaji, asitie saini.