Maswali ya Wasomaji: Nikiomba Sisikii Kitu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwezi wa nne upepo uliwakuta ziwani usiku, akazama. Tangu hapo nikipiga magoti sisikii kitu. Wenzangu wa jumuiya wananiambia nishukuru kwa kila jambo, lakini nikishukuru najiona mwongo. Je, imani yangu imekufa?
Mama wa watoto watatu, Igombe

JIBU: Milele amina, mama, na pole sana kwa msiba. Imani yako haijafa. Aliyeachana na Mungu hapigi magoti kumtafuta.

Hiyo shukrani iache kwanza. Paulo aliyewaandikia Wathesalonike washukuru ndiye aliyewaandikia Warumi walie pamoja na wanaolia, na wenzako wameshika agizo moja wakaacha la pili. Fungua Marko 4, kuanzia mstari wa 35. Wale wanafunzi, baadhi yao wavuvi waliozaliwa na ziwa, walikumbwa na dhoruba usiku. Ziwa la Galilaya ni dogo sana mbele ya Victoria letu, urefu wake kama kilomita 21, lakini liko takriban mita 210 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo hulishukia ghafla. Yesu alikuwa amelala nyuma ya chombo. Hawakumwamsha kwa sifa. Walimuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Naye aliamka, akaukemea upepo kwanza, ndipo akawauliza habari ya imani yao. Wewe upepo wako haukunyamaza, na hatutakudanganya kwamba tunajua sababu. Tunachojua ni kwamba swali kama lako liliulizwa ndani ya chombo alimokuwemo Yeye, na aliyeuliza hakutupwa nje.

Sasa la kufanya. Chagua saa inayokuumiza zaidi. Kwa wajane wengi wa wavuvi ni jioni, mitumbwi inapotoka na taa. Tenga dakika kumi, si zaidi. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti ya kusikika. Ina mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko: hata lini? Miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Ukimaliza, chukua daftari la watoto uandike yako kwa mpangilio huohuo. Lalamika kwa jambo lenyewe, kwa mfano: "Bwana, ada ya shule haijalipwa na kitanda ni kitupu." Omba kitu kimoja cha kesho, si cha mwaka mzima. Kisha andika sentensi moja ya tumaini ikiwa unayo. Kama huna, ishia kwenye ombi. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la shukrani, na bado imo katika Biblia, bado inasomwa kama sala.

Wengi hukwama sehemu tatu. Kwanza wanakimbilia tumaini kabla ya kulalamika, na uchungu unabaki palepale. Pili wanajilazimisha mikesha na mifungo mirefu wakati mwili umeshaishiwa. Usingizi ukikosekana, huzuni huwa nzito mara mbili, na mtu hudhani Mungu ndiye aliyeondoka. Tatu wanasubiri msisimko, machozi au joto kifuani, kama ushahidi kwamba Mungu yupo. Zaburi ya 34 inasema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Haisemi kwamba watamhisi.

Waombe wanawake wawili wa jumuiya, wale wasio na maneno mengi, waje siku moja kwa wiki wakusomee Zaburi ya 13 sauti yako isipotoka. Watoto waambie wazi kwamba baba amekufa. Mtoto anayeambiwa baba amesafiri huendelea kumsubiri, na siku atakayojua ukweli hataamini hata sala unazomfundisha.

Na hili tunalisema kwa uzito: kama zaidi ya wiki mbili hulali, huli, au huwezi kuinuka kufanya kazi, nenda kituo cha afya ueleze. Likikujia wazo la kumfuata mumeo majini, mwambie mtu saa hiyohiyo, usilale peke yako, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Kutafuta tiba si kumkana Mungu.

SWALI: Namuuguza mama katika hospitali ya Bugando, ana saratani. Usiku nalala kwenye benchi. Nikifungua Biblia nasinzia. Naona nimemwacha Mungu, naye ameniacha.
Kijana wa Sengerema

JIBU: Kaka, soma 1 Wafalme 19 utakapopata nafasi. Eliya alichoka hadi akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye, mlimani Horebu. Kwa hiyo usingizi wako usiuhesabu kuwa dhambi. Panga zamu na ndugu zako, angalau usiku mmoja kati ya mitatu ulale kitandani, na ule chakula cha moto kila siku.

Biblia nzima iache kwa sasa. Andika mstari mmoja kwenye kikaratasi, ukae nao wiki nzima mfukoni. Zaburi ya 23 inafaa: ukivuta pumzi, "Bwana ndiye mchungaji wangu"; ukiitoa, "sitapungukiwa na kitu." Ifunge na kazi unazozifanya kila siku: kunawa mikono, foleni ya dawa, kumgeuza mama. Mara tano kwa siku zinatosha.

Usisubiri mama azidiwe ndipo umwite padri au mchungaji. Familia nyingi huogopa kupaka mafuta kwa kudhani ni dalili ya kifo, wakamwita mtumishi wakati mgonjwa hajitambui tena. Yakobo 5:14 inazungumzia mtu aliye hawezi, si maiti, na kwa Wakatoliki Mpako wa Wagonjwa unaweza kurudiwa. Muulize mama mwenyewe kama angependa.

SWALI: Mtumishi mmoja ameniambia niache vidonge vya presha ili imani yangu ifanye kazi. Nifanyeje?
Msomaji, Buswelu

JIBU: Endelea na vidonge vyako leo. Ukiviacha ghafla presha inaweza kupanda bila dalili yoyote hadi upate kiharusi. Luka aliyefuatana na Paulo alikuwa tabibu, na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondolewe, haukuondolewa, na hakuna aliyemwambia imani yake ni haba. Anayekutaka uchague kati ya dawa na Mungu, usimpe sadaka yako wala afya yako.

SWALI: Jirani yangu amefiwa na mtoto. Naogopa kwenda kwa sababu sijui la kusema.
Dada, Nyakato

JIBU: Nenda, na useme machache. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hilo ndilo jema walilofanya. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipomuumiza. "Pole sana" inatosha. Usiseme ni mapenzi ya Mungu, wala kwamba atapata mwingine. Mtaje mtoto kwa jina lake, kwa kuwa mama huogopa atasahaulika.

Siku za matanga watu ni wengi, sukari na unga vinajaa. Shida huanza wageni wakiondoka. Weka kwenye simu yako tarehe tatu: wiki ya tatu, siku ya arobaini, na siku ya kuzaliwa ya mtoto. Nenda na kilo ya sukari au ndoo ya mkaa, osha vyombo, kaa nusu saa. Ukiomba, omba kwa dakika moja ukiwa umemshika mkono, na umuulize kwanza kama anataka. Akisema hapana, kaeni tu.